Inchi 55 za bei ya kutupa au 43 za jina linalojulikana?

Swali: Nina shilingi 1,200,000 za kununua runinga ya sebuleni. Tunaishi Busia, upande wa Uganda. Kochi liko kama mita mbili na nusu kutoka ukutani, na siku ya mpira majirani hujaa, wengine hukaa pembeni kabisa. Umeme kwetu hukatika na kurudi ovyo. Muuzaji wa kwanza ananipa inchi 55, 4K, smart, ya jina nisilolijua, kwa pesa hiyo hiyo yote. Wa pili ana inchi 43 Full HD ya kampuni inayojulikana, kwa 1,050,000. Wa tatu ana inchi 50 iliyotumika kutoka nje, kwa laki nane. Nichukue ipi? Na nikivuka upande wa Kenya nikaikuta rahisi zaidi, kuna ubaya?

Jibu: Chukua ya inchi 43, mradi ifaulu vipimo nitakavyovieleza hapa ukiwa bado dukani. Ile 150,000 inayobaki usiiguse kabla hujanunua kinga ya umeme.

Mwenye bajeti ndogo anunue kwanza kile ambacho hawezi kukiongeza baadaye. Ukikosa smart (runinga inayoingia mtandaoni yenyewe) leo, mwakani utanunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI. Sauti ikiwa nyembamba, utaongeza spika. Lakini paneli, yaani kioo kinachoonyesha picha, na taa zilizo nyuma yake ndiyo runinga yenyewe. Paneli ikipasuka au ikiota mistari, mpya hugharimu karibu sawa na runinga nzima, ndiyo maana fundi mkweli hukushauri ununue nyingine.

Anza na hizo taa, kwa sababu ndizo zinazozima runinga nyingi za bei nafuu. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe. Nyuma yake kuna vipande virefu vya taa ndogo za LED, na hata runinga iliyoandikwa QLED ni LCD hiyo hiyo iliyoongezewa tabaka la kuboresha rangi. Anayetaka kuuza inchi 55 kwa bei ya 43 lazima abane mahali, na mahali rahisi pa kubana ni hapo: huweka taa chache, kisha huzisukumia mkondo mkubwa wa umeme ili kioo kiwake vizuri dukani. Taa zinapata joto, na LED huuawa na joto. Mara nyingi zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo ikikatika moja mstari mzima unazimika, na saketi ya ulinzi huenda ikazima zote. Utasikia mtangazaji anaendelea kupiga kelele lakini kioo ni cheusi. Ukimulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu, ukaona picha hafifu ikitembea, basi paneli ni nzima na taa ndizo zilizokufa.

Kumbuka pia kwamba inchi 55 si 43 na kidogo juu. Eneo la kioo chake ni zaidi ya mara moja na nusu. Taa zinazotosha ile ndogo hapa zinaacha madoa ya giza na mwanga.

Je, 4K utaikosa? Kwa mita mbili na nusu, hapana. Nukta moja ya inchi 43 Full HD, yaani 1920 kwa 1080, ina upana wa karibu nusu milimita, na jicho zima huacha kuitofautisha na jirani yake ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hivi. Kwa inchi 55 mpaka huo ni kama mita 2.2. Kwenye kochi lako umeshapita kote. Isitoshe, chaneli nyingi zinazoingia kwa antena au dikoda hazirushwi kwa 4K, nyingine hata HD hazijafika. Runinga hulazimika kuikuza picha ndogo ijaze kioo kikubwa, na hapo ndipo 4K dhaifu hupigwa na Full HD nzuri: chipu hafifu hutoa nyuso zenye ukungu na jezi zinazoacha mkia mchezaji anapokimbia. Na maandishi "4K supported" kwenye boksi yanaweza kumaanisha tu kwamba runinga inapokea faili la 4K na kulipunguza. Soma mahali palipoandikwa idadi ya nukta za paneli: 4K halisi ni 3840 kwa 2160. HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, nayo isikuongezee hata shilingi katika bei hii. Inahitaji mwanga mkali ambao paneli za bajeti, nyingi zikiwa karibu niti (kipimo cha mwangaza) 250 hadi 300, hazina.

Kuhusu majirani wa pembeni, uliza kama paneli ni IPS au VA (aina mbili za kioo cha LCD), lakini usitegemee jibu, kwa sababu wauzaji wengi hawajui na modeli moja huweza kuja na zote mbili. Simama mwenyewe pembeni, kama nyuzi 45. Rangi za ngozi zikibaki zilivyo, huenda ni IPS. Zikipauka na weusi ukageuka kijivu, ni VA. Ya VA ina weusi wa kina zaidi, hupendeza usiku taa za chumba zikiwa zimezimwa. Ya IPS inavumilia watu waliotawanyika. Kwa nyumba inayojaza watu siku ya mechi, na AFCON ya 2027 inakuja hapa kwetu, Kenya na Tanzania, ningependelea IPS.

Sasa vipimo vya dukani. Nenda mchana, usiende na haraka, na ubebe vitu vitatu: futi kamba, flashi, na simu yenye tochi. Kwenye flashi weka picha tano za rangi moja tupu (nyeupe, nyeusi, kijivu, kijani, nyekundu) na video moja ya mpira ya Full HD unayoijua vizuri. Usikubali kuonyeshwa video ya duka yenye maua na samaki. Imetengenezwa ili kila runinga ipendeze.

Kwanza pima kioo kutoka kona hadi kona, bila fremu. Inchi 43 ni sentimita 108 au 109. Inchi 32 ni takriban 80, na 55 ni karibu 140. Pungufu ya sentimita moja ni kawaida. Pungufu ya tano ni udanganyifu, na runinga inayodanganya kwa kitu kinachopimika kwa futi kamba itadanganya pia kwa visivyopimika.

Weka picha nyeupe. Tafuta nukta nyeusi zilizokufa, kisha rudi nyuma hatua tatu uangalie kama kuna miduara inayong'aa kuliko sehemu nyingine. Kila LED ya nyuma imevaa lenzi ndogo ya plastiki ya kutawanya mwanga. Gundi ikiachia kwa joto au kwa mtikisiko wa safari, lenzi inaanguka na hapo panabaki doa la mwanga. Ukiliona kwenye runinga inayoitwa mpya, iache. Weka nyeusi, mwombe muuzaji apunguze taa za duka au ujifunike na koti, uangalie pembe nne. Mwanga kidogo unaovuja ni kawaida kwa LCD. Mwanga unaofika katikati si kawaida.

Picha ya kijivu na ya kijani ndizo muhimu kwako kuliko zote, na watu wengi huziruka. Uwanja wa mpira ni kijani kimoja kikubwa, na kamera inapoufuata mpira, paneli isiyo na usawa huonyesha michirizi na mabaka kama ya kioo kichafu. Ukiyaona kwenye kijivu, utayaona kila mechi. Muuzaji akikwambia yataisha baada ya wiki, si kweli.

Halafu ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, usome modeli na namba ya mfululizo. Zilinganishe na stika ya nyuma na stika ya boksi. Zote tatu lazima zifanane. Angalia skrubu za mgongoni: zikiwa na mikwaruzo kwenye tundu au zikiwa za rangi mchanganyiko, runinga hiyo imeshafunguliwa. Kuna runinga zilizotengenezwa upya zinazouzwa ndani ya maboksi mapya, na skrubu ndizo huwasaliti. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi, kwa sababu majina ya kuiga hubadilisha herufi moja tu.

Mwisho mwambie achomeke antena na atafute chaneli ukiwa hapo. Uganda inarusha matangazo ya ardhini kwa DVB-T2 (kiwango kipya cha kidijitali), na runinga yenye DVB-T ya zamani peke yake, au yenye kipokezi cha analogi tu, haitapata chochote bila kifaa cha nje. Ikipata UBC, chaneli ya taifa, na chaneli nyingine za bure, kipokezi ni sahihi. Za kulipia zitahitaji dikoda yake hata hivyo. Jaribu kila tundu la HDMI na kila tundu la USB, na uhakikishe kuna angalau HDMI mbili, moja ikiwa na maandishi ARC (hutoa sauti kwenda kwenye spika), ili siku ukinunua spika ndefu usihangaike na waya. Tundu la sauti la milimita 3.5 nalo ni la thamani kwa mwenye redio ya zamani nyumbani.

Kuhusu smart: kama ya inchi 43 unayoiangalia ni smart, tafuta mfumo ulioidhinishwa, yaani Google TV, Android TV rasmi, VIDAA, webOS au Tizen. Kuna runinga zinazotumia Android ya bure isiyo na idhini, iliyopakwa sura ya Google. Hizo hufungua YouTube, lakini Netflix hukataa au huonyesha picha ya kiwango cha chini kwa sababu hazina ulinzi wa hakimiliki unaotakiwa, na baada ya mwaka au miwili hazipati masasisho. Fungua duka la programu, ingia Netflix, uone inavyofanya kazi. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1 huchoka mapema. GB 1.5 au 2 ni afadhali. Kama si smart lakini picha ni nzuri, chukua bila hofu. Bando ndilo litakalokuamulia: kutazama kwa HD hula takriban GB 3 kwa saa, kwa picha ya kawaida karibu GB 1, kwa 4K karibu 7. Anayenunua data ya MTN au Airtel kwa siku ataitumia smart kidogo kuliko alivyofikiri.

Ukiridhika, omba risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA) yenye msimbo wa QR, iandikwe modeli na namba ya mfululizo, na kadi ya waranti igongwe muhuri siku hiyo hiyo. Waranti haifidii kioo kilichopasuka, kwa hiyo safari ya kwenda nyumbani ni yako. Ibebe ikiwa imesimama, isilazwe kamwe: ikilazwa, uzito wote hukaa katikati ya kioo, na shimo moja la barabarani linatosha. Boda boda si usafiri wa inchi 43. Ukitoka nayo Kampala kwa basi, simama wewe mwenyewe buti inapofungwa, uone hakuna gunia juu yake.

Sasa umeme, ambao kwenu ndio adui mkubwa. Wengi wanaogopa umeme kukatika, lakini madhara mengi hutokea unaporudi. Sekunde za kwanza volti hupanda na kushuka, na mshtuko huo hupiga fyuzi, kinga ya mshtuko na transista kubwa kwenye ubao wa umeme. Volti ndogo ya jioni haisumbui sana, kwa sababu runinga nyingi za sasa hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240. Juu ya hapo ndipo pana hatari. Kinachofaa ni gadi ya TV, kifaa cha kinga kinachochomekwa kati ya soketi na runinga, inayokata umeme unapozidi takriban volti 260, na inayosubiri kidogo kabla ya kurudisha. Hiyo subira ndiyo unayoilipia. Usichukue gadi ya friji: inasubiri dakika kadhaa kwa ajili ya kompresa, utachoka nayo na siku moja utaichomoa. Ekstensheni yenye swichi na taa nyekundu si kinga ya kitu chochote, hata ikiwa nzito. Stabilaiza inafaa kama volti zenu hushuka sana kila siku. Kama tatizo ni kukatika na kurudi, gadi inatosha na ni rahisi zaidi. Chomeka runinga na dikoda zote kwenye gadi hiyo hiyo. Dikoda ikipigwa, mshtuko hupita kwenye waya wa HDMI hadi kwenye ubao mkuu wa runinga.

Radi ni habari nyingine. Eneo lote la Ziwa Viktoria hupigwa na radi nyingi, na hakuna gadi ya dukani inayoizuia. Wingu likianza kunguruma, chomoa waya wa umeme, na pia waya wa antena au wa dishi. Watu huchomoa umeme, huacha dishi, na radi huingia kupitia juu ya bati.

Ukifika nyumbani, kabla hujaifurahia, badilisha mipangilio. Runinga nyingi huanza zikiwa na mwanga mwingi na rangi kali, nyingine zikiwa kwenye hali ya duka. Chagua matumizi ya nyumbani, kisha aina ya picha ya Movie au Standard, na ushushe Backlight hadi 50 au 60. Mchana ukihitaji zaidi, panda kidogo. Hatua hii moja hurefusha maisha ya taa kuliko kitu kingine chochote unachoweza kufanya bure. Angalia usichanganye: kwenye menyu nyingi Brightness si nguvu ya taa, ni kiwango cha weusi, na ukiishusha sana picha inazama gizani huku taa zikiendelea kuungua. Punguza Sharpness hadi karibu sifuri au 10, maana huongeza kingo nyeupe kwenye picha dhaifu. Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma na juu ili joto litoke. Kama utaitundika ukutani, katikati ya kioo iwe mita moja hadi mita moja na sentimita kumi kutoka sakafuni.

Mwangaza huo wa kiasi utauona pia kwenye Yaka, umeme wa kulipia kabla. Inchi 43 ya wati 70, kwa saa 5 kila siku, hula kama uniti 10 na nusu kwa mwezi. Inchi 55 ya wati 120 hula 18. Wenye sola wafanye hesabu hiyo hiyo: inchi 32 ya wati 40 kwa saa 5 ni wati-saa 200, na betri ya asidi ya 12V, 100Ah, isiyotakiwa kushuka chini ya nusu, ina wati-saa 600 za kutumia.

Ya mkono wa pili, ile ya laki nane, ningeiacha kwa hali yako. Bei si mbaya, lakini hujui imewaka saa ngapi. Iliyotoka hotelini, ikiwashwa saa 12 kwa siku kwa miaka 3, imeshapita saa 13,000. Weka picha nyeupe: ikiwa na rangi ya samawati au zambarau, hasa kwa mabaka, tabaka la manjano juu ya LED limechoka na taa zinafuata. Mstari mwembamba wa wima, hata ukipotea ukigonga fremu, ni muungano wa paneli unaoachia, na hautengenezeki kwa kudumu. Soma pia stika ya nyuma. Ya Japani huenda ni ya volti 100 na kipokezi cha ISDB-T, ya Marekani huenda ni ya 120 na ATSC, viwango vya matangazo vya nchi hizo. Vipokezi hivyo havitaona matangazo yetu, na volti 240 zikiingia kwenye runinga ya 120 tu, inaungua papo hapo. Kama mwenye mali anakubali iwake mbele yako saa mbili mfululizo na akupe angalau mwezi mmoja wa kuirudisha kwa maandishi, hapo pana mazungumzo.

Kuvuka upande wa Kenya hakuna tatizo la kiufundi. Plagi ni ile ile ya pini tatu, volti ni 240, na matangazo yao nao ni DVB-T2. Tatizo ni ushuru unaotakiwa kuutangaza mpakani, ambao huenda ukameza tofauti ya bei, na waranti. Waranti nyingi hufungwa kwa nchi ambayo kifaa kiliuzwa, na tawi la Kampala linaweza kukataa runinga ya Nairobi hata kama nembo ni moja. Kwa hiyo kabla hujalipa upande ule, muulize muuzaji ni nani atakayeitengeneza na katika mji gani, na jibu aliandike kwenye risiti. Akikataa kuliandika, nunua upande wa Uganda hata ikizidi elfu hamsini.